Leza ya kichwani na kibodi: namna ya kuandika bila kuhatarisha macho ya walio mbele yako

Mtu aliyeumia uti wa mgongo shingoni, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo au anayeishi na ugonjwa unaodhoofisha misuli, mara nyingi hubaki na kitu kimoja kinachomtii: shingo. Shingo hiyo inatosha kuandika. Anavaa leza ndogo kwenye miwani, kofia au mkanda wa kichwani, kisha anaielekeza kwenye kibodi ambayo kila herufi yake ina kihisi cha mwanga. Nukta nyekundu ikitulia juu ya herufi kwa muda uliopangwa, kompyuta inaipokea herufi hiyo. Kibodi ya LUCY ni ya aina hii. Njia ya pili ni rahisi zaidi na haihitaji hata kompyuta: ubao wa karatasi wenye herufi, mtumiaji anamulika, msaidizi anasoma kwa sauti na kuandika.

Njia zote mbili zinafanya kazi vizuri, na zote mbili zina tatizo ambalo muuzaji hakutajii. Kichwa cha mtu humgeukia anayemwita. Shangazi akipiga hodi, mtoto akilia, jirani akitoa salamu mlangoni, kichwa kinageuka na mwale unakwenda nacho mpaka usoni mwa aliyesalimia. Hatari ya leza hii haimwangukii sana anayeivaa, inawaangukia anaowapenda. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo moja.

Kwanza: je, ni lazima iwe leza?

Kama lengo ni kutumia kompyuta, jaribu kamera kabla ya kununua chochote. Camera Mouse, programu ya bure iliyoanzia Boston College, na eViacam, ambayo nayo ni ya bure, zinatumia kamera ya kawaida ya kompyuta kufuata uso na kusogeza kishale. Fungua kibodi ya skrini ya Windows, ingia kwenye mipangilio yake, uchague herufi iandikwe kishale kikitulia juu yake bila kubofya. Hapo umepata kibodi ya kichwa isiyo na mwale wowote. Kompyuta za Mac zina uwezo huu ndani yake tangu macOS Catalina toleo la 10.15.4, la mwaka 2020.

Leza inabaki na ubora wake katika mambo matatu. Ubao wa karatasi unafanya kazi umeme ukikatika. Mtumiaji anaiona nukta yake juu ya herufi yenyewe, jambo ambalo watoto hulielewa haraka kuliko kishale cha kwenye skrini. Na kamera huupoteza uso ukifunikwa na barakoa ya oksijeni au chumba kikiwa na mwanga hafifu, ilhali leza haijali.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huisahau: taa ndogo ya LED yenye lenzi ya kukusanya mwanga. Kwa ubao wa karatasi ulio umbali wa mita moja hivi, duara la mwanga lenye upana wa sentimita tatu linatosha kabisa ikiwa herufi ni kubwa. Kama mtumiaji ni mtoto, au nyumba imejaa watoto, mimi ningeanza na hiyo.

Kuchagua leza: soma lebo, na usiiamini sana

Kiwango cha kimataifa cha usalama wa leza, IEC 60825-1, kinazigawa leza kwa madaraja. Daraja la 1 ni salama katika matumizi ya kawaida. Daraja la 2 ni leza ya mwanga unaoonekana isiyozidi miliwati 1. Daraja la 3R hufika miliwati 5. Daraja la 3B hufika miliwati 500, na la 4 ni zaidi ya hapo. Kwa leza ya kichwani, tafuta daraja la 1. Ikikosekana, la 2. Mengine yote yaache, hata ukiambiwa nukta yake inaonekana vizuri zaidi.

Usalama wa daraja la 2 umejengwa juu ya dhana kwamba mtu akipigwa na mwanga mkali atapepesa au kugeuza uso ndani ya robo ya sekunde. Dhana hii ina nyufa. Watafiti wa Ujerumani walipoipima kwa watu mamia kadhaa, waliopepesa kwa wakati hawakufika mmoja kati ya watano. Na fikiria wodi au kituo cha tiba ambapo watu wameketi wakitazamana, nao wengine hawawezi kugeuza shingo wala kufumba macho haraka. Mwale ukimtulia mtu wa namna hiyo jichoni, robo ya sekunde inakuwa sekunde kumi bila yeye kuweza kusema. Mahali kama hapo ni daraja la 1 tu, au LED.

Umbali wa chumbani nao usikupe moyo. Mwale wa leza hautawanyiki kama mwanga wa tochi; ukivuka sebule bado ni mwembamba kiasi cha kuingia wote kwenye mboni. Lenzi ya jicho inaukusanya tena kuwa nukta ndogo mno juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na hapo ukali wake huongezeka takriban mara laki moja.

Sasa lebo. Mwaka 2013, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima leza 122 za mkononi. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani na asilimia 44 za nyekundu hazikukidhi kanuni za usalama za nchi hiyo, ingawa zilikuwa na lebo. Leza za kijani za bei rahisi zina ubaya wa ziada: mwanga wake huzalishwa kutokana na mionzi ya infraredi, na kichujio kikikosekana mionzi hiyo hutoka pamoja na ule wa kijani. Jicho haliioni, kwa hiyo halijikingi. Basi nunua nyekundu, ya nanomita 635 au 650 (namba hiyo ni urefu wa wimbi la mwanga wake). Ya 635 huonekana angavu zaidi kwa nguvu ileile, na ndiyo ningeilipia tofauti ya bei.

Zile za ufunguoni zinazouzwa barabarani za kuchezea paka, zenye maandishi yanayogongana juu ya kifaa kimoja, zisiwekwe kichwani kwa mtu yeyote. Kama unayo tayari na hujui nguvu yake, maabara ya fizikia ya chuo kikuu huenda ikawa na kipimo cha nguvu ya mwanga, na kipimo chenyewe ni kazi ya dakika chache. Kukisia kwa kutazama nukta ukutani hakusaidii, maana jicho si kipimo.

Ukinunua kibodi yenye vihisi, tumia leza iliyokuja nayo. Vihisi vyake vimepangwa kwa leza hiyo. Leza yenye nguvu zaidi haitafanya uandishi uwe wa haraka, itaongeza hatari tu.

Kuivalisha

Mahali pazuri ni katikati ya paji la uso, au kwenye mkono wa miwani karibu na panda la uso. Katikati ya paji mwale hufuata pua, na mtumiaji hujifunza haraka. Kwenye miwani uzito hukaa vizuri, ila nukta huanguka kando kidogo ya anapotazama, na kando huko hubadilika ubao ukisogezwa. Ukishapata umbali unaofaa, weka alama sakafuni pa magurudumu ya kiti na pa miguu ya meza.

Kapelo inafaa, lakini igeuze upande wa mbele uwe nyuma, kisha funga leza kwa velkro juu ya paji. Ncha ya leza itangulie mbele ya nyusi, isirudi nyuma ya usawa wa macho, ili hata ikilegea na kupinda isimmulike mvaaji mwenyewe.

Utaratibu wa kuvalisha una sheria moja: leza huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza. Ajali nyingi za kizembe hutokea hapa, msaidizi akiwa ameinama usawa wa uso wa mtumiaji akirekebisha mkanda huku leza inawaka. Valisha, kaza, ondoka mbele, simama nyuma ya kiti, ndipo uwashe.

Ukivua, tazama ngozi. Alama iliyobaki baada ya nusu saa maana yake mkanda umebana mno. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo papasa kwa kidole: sehemu yenye joto, ngumu au iliyovimba ihesabu kuwa alama. Mtu asiyehisi shingo kwenda chini huwa anahisi kichwani, muulize. Mtu asiyeongea mpe namna ya kujibu, mathalani kufumba macho mara mbili kwa hapana.

Kuwasha na kuzima

Ukichukua hatua moja tu katika mwongozo huu, ichukue hii. Leza isiwake muda wote. Iwake pale mtumiaji anapoitaka, na izimike akiiachia.

Kama kuna kidole kimoja, goti, shavu au hata kifundo cha mguu kinachosogea kwa hiari, weka swichi ya kufinya hapo. Swichi nyingi za watu wenye ulemavu hutumia plagi ya milimita 3.5, kama ile ya vipokea sauti vya simu za zamani. Fundi wa redio mwenye ufahamu anaweza kuiunganisha kati ya betri na leza, lakini mwambie kwa maneno haya haya: swichi tu, hakuna kugusa kitu kingine. Akibadilisha rezista au akaongeza betri, leza ya miliwati 1 inaweza kugeuka kuwa kitu kingine kabisa huku lebo ikibaki ileile.

Hakuna kiungo kinachosogea? Basi swichi inashikwa na msaidizi anayekaa nyuma au ubavuni, na kazi yake ya kwanza ni kuachia mara tu mlango unapofunguka. Wakubaliane pia neno au ishara ya kuzima ambayo mtumiaji anaitoa mwenyewe. Kwa mwenye mikakamao ya ghafla, ambaye kichwa hurushwa bila hiari yake, leza ya kuwaka mfululizo haifai hata ikiwa ya daraja la 2.

Chumba

Watu huanza na ubao. Anza na ukuta ulio nyuma ya ubao, kwa sababu mwale utaukosa ubao mara nyingi siku za mwanzo. Ukuta uwe mtupu, wa rangi isiyong'aa. Ondoa kioo, picha yenye fremu ya kioo, televisheni, kabati la vyombo lenye milango ya vioo. Kioo cha kujitazamia hurudisha karibu mwale wote. Kioo cha dirisha hurudisha sehemu ndogo, lakini kinachobaki kinapita kwenda nje, na nje kuna wapita njia.

Ubao uwe chini kidogo ya usawa wa macho, ili kichwa kiinamie kazi. Hapo kuna mtego: mwale unaoshuka unakwenda kwenye kimo cha mtoto. Macho ya mtu mzima kwenye kiti cha magurudumu yako takriban mita 1.2 kutoka sakafuni, na mtoto wa miaka mitatu au minne aliyesimama mbele yake uso wake uko chini kidogo ya hapo, palepale mwale unapopita. Ziba njia kati ya kiti na ubao kwa meza, benchi, chochote kinachomlazimu mtu kuzunguka. Viti vya wageni viwe ubavuni au nyuma ya mtumiaji, hata kama adabu zinadai mgeni aketi mbele. Mweleze sababu, ataelewa.

Ubao wenyewe using'ae. Laminesheni ya kawaida hung'aa. Tumia ile isiyong'aa, au acha karatasi tupu na uibadilishe ikichafuka. Ukiulaza ubao kwa nyuma kidogo, unaweza kwa bahati mbaya kuupata ule mlalo unaorudisha mwale moja kwa moja usoni mwa mtumiaji. Ubao uliosimama wima huurudisha mapajani mwake, na ndivyo unavyotaka.

Usizime taa ili nukta ionekane. Ni kishawishi cha kila mtu. Gizani mboni hupanuka hadi milimita 7 hivi na kuupokea mwale wote. Kama nukta haionekani mchana, sogeza ubao mbali na dirisha au tumia karatasi nyeupe kavu badala ya ya rangi. Vihisi vya kibodi navyo huchanganyikiwa na jua likivipiga moja kwa moja.

Jaribio la karatasi

Kabla mtumiaji hajaketi, fanya jaribio hili. Watu wote watoke chumbani isipokuwa wewe na msaidizi mmoja. Shika kofia yenye leza mahali kichwa kitakapokuwa, ukisimama nyuma yake. Washa, na uelekeze nukta katikati ya ubao. Msaidizi, akiwa ubavuni na uso ameugeuza, apitishe karatasi nyeupe polepole mbele ya kiti, juu, kulia, kushoto, akitafuta nukta ya pili. Nukta ya pili ni mwale uliorudi. Sogeza mwelekeo hadi kila pembe ya ubao, kisha sentimita thelathini nje ya kila pembe, na kila mara karatasi izunguke tena.

Nukta za pili hutokea mahali usipopatarajia: skrubu ya stendi, saa ya mkononi ya msaidizi, bawaba ya mlango, kitasa, ukingo wa chuma wa meza. Zifunike kwa utepe wa kitambaa. Mwisho igeuze kofia taratibu kuelekea mlangoni, ukiigiza mtu aliyeitwa, na uangalie mwale unapita wapi. Kama unapita kwenye kiti cha mtu, kiti kinahama.

Rudia jaribio kila samani inapohamishwa.

Kuandika kwenyewe

Anza na muda wa kutulia wa sekunde 1 hadi 1.5 kwa kila herufi, upunguze kadiri shingo inavyozoea. Mfupi mno huzaa makosa, mrefu mno huchosha shingo. Kipindi kiwe kifupi mwanzoni, dakika kumi hivi, kisha pumziko. Shingo iliyochoka hutetemeka, na nukta inayotetemeka hutoka nje ya ubao.

Leza haibonyezi vitufe viwili kwa pamoja. Kwenye Windows bonyeza Shift mara tano mfululizo na ukubali ujumbe utakaotokea. Baada ya hapo Shift au Ctrl ikimulikwa mara moja itasubiri herufi inayofuata.

Kwa ubao wa karatasi, usinakili mpangilio wa kibodi ya Kiingereza. Kiswahili hakina kazi na Q wala X, na C haitembei bila H, kwa hiyo CH iwe kisanduku kimoja. Vivyo hivyo SH, NY, NG', TH, DH na GH. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, na A ndiyo inayoongoza kwa matumizi. Weka A, E, I, O, U katikati kabisa ya ubao, ambapo shingo inarudi yenyewe ikipumzika, na konsonanti zizunguke. Kichwa kitakuwa kinatoka na kurudi umbali mfupi badala ya kusafiri kutoka pembe hadi pembe. Hilo ni jambo la usalama pia, kwani mwale unaokaa katikati hautoki nje ya ubao.

Ongeza visanduku vya NINA, SITAKI, ANA, WANA, KWA. Pembeni weka maneno mazima: maji, nigeuze, kohozi, naumwa, zima leza. Lakini kisanduku ambacho ningekiweka kwanza ni SIJAMALIZA. Wasikilizaji wana tabia ya kumalizia neno la mtu kabla hajafika, na kila wanapokosea yeye anaanza upya. Wenzetu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), wale wanaofundishwa hospitali ya KCMC Moshi au chuo cha tiba cha KMTC Kenya, ndio wa kuwaendea kwa kupanga kimo cha kiti, mlalo wa shingo na mahali pa swichi.

Mwale ukimpata mtu jichoni

Zima leza. Aliyepigwa asifikiche jicho. Doa la mwanga linaloelea na kufifia ndani ya dakika chache ni la kawaida. Retina haina maumivu, kwa hiyo kutoumwa si dalili kwamba jicho ni zima. Dakika hizo zikipita, chukua karatasi ya miraba, tia kitone katikati, mwambie afunike jicho moja kisha la pili, akikodolea kitone. Mistari ikionekana kupinda, ikakatika au sehemu ikawa imefutika, aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo na aseme leza ilikuwa ya rangi gani na ya daraja gani. Matone ya duka la dawa hayatibu retina.

Kuihifadhi

Leza isiyotumika hutolewa betri na kufungiwa. Ikitumika nje ya nyumba, isielekezwe barabarani wala angani. Dereva akimulikwa haoni mbele yake. Betri mpya ziwe za ukubwa na volti zile zile zilizoandikwa. Ukiona nukta imefifia, badilisha betri kabla ya kufikiria leza nyingine.

Leza nyingi ndogo hutumia betri za vitufe. Hizo zina hatari yake isiyohusu macho hata kidogo: zikimezwa na kukwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili. Chumba cha betri kiwe na skrubu, na zilizoisha zifungwe kwa utepe mara zinapotoka, kwa kuwa hata iliyoisha bado ina chaji ya kuunguza. Ukihisi tu kwamba mtoto amemeza moja, usimtapishe wala usisubiri dalili. Mpeleke hospitali yenye kipimo cha eksirei.